Stempu za Ukumbusho: Namna Marekani Inavyosimulia Historia Yake

Mtu akishika stempu ya ukumbusho, kwanza huangalia picha: huyu ni nani, hili ni tukio gani. Sisi tunaotunza stempu kwenye makumbusho huanza na swali jingine: ilitoka mwaka gani? Stempu ya namna hii ina miaka miwili ndani yake, mwaka wa tukio na mwaka ambao serikali iliamua kulikumbuka. Mara nyingi huo wa pili ndio wenye habari zaidi, na stempu za Marekani zinalionyesha jambo hili waziwazi.

Stempu za kwanza za nchi hiyo zilitolewa tarehe 1 Julai 1847, ya senti 5 yenye sura ya Benjamin Franklin na ya senti 10 yenye George Washington. Hizo zilikuwa za matumizi ya kawaida. Zile za ukumbusho zilikuja 1893, Chicago ilipoandaa maonyesho makubwa ya kuadhimisha miaka 400 ya safari ya Christopher Columbus. Posta ilitoa stempu 16, kuanzia senti 1 hadi dola 5. Barua ya kawaida ilikuwa ikitumwa kwa senti 2 tu, kwa hiyo stempu ya dola 5 ilimfaa mkusanyaji kuliko mwandika barua. Aliyetaka seti nzima alilipa dola 16 na senti 34, na malalamiko yalifika hadi Seneti.

Ziweke mbili za mwanzo pamoja. Kwenye ile ya senti 1 Columbus yuko melini, anaiona nchi kavu kwa mbali, na kidevu chake hakina hata unywele. Kwenye ya senti 2 ameshashuka ufukweni, na ana ndevu zimejaa. Ndevu hazioti usiku mmoja. Ukweli ni kwamba stempu hizo zilinakiliwa kutoka michoro ya wasanii wawili tofauti, William Powell na John Vanderlyn, na hakuna picha ya Columbus inayojulikana kwa hakika kuchorwa akiwa hai. Kila msanii alimchora Columbus wake, na posta ikawachukua wote wawili.

Miaka mitano baadaye, mwaka 1898, ikaja seti ya maonyesho ya mji wa Omaha, iliyotukuza maeneo ya magharibi mwa Marekani. Stempu ya dola 1, ambayo wakusanyaji wengi huihesabu kuwa nzuri kuliko zote za Marekani, inaonyesha ng'ombe wakipambana na dhoruba ya theluji. Inasifia ng'ombe wa magharibi, lakini mchoro wenyewe ni wa John MacWhirter wa Scotland, na ng'ombe ni wa huko huko Scotland. Ile ya senti 4 inaonyesha Mhindi Mwekundu, kama walivyoitwa wenyeji wa bara hilo, akiwinda nyati. Kufikia wakati huo nyati waliokuwa mamilioni walikuwa wamebaki wachache mno, na mauaji ya Walakota, kabila mojawapo la wenyeji hao, kule Wounded Knee yalikuwa yametokea miaka minane tu nyuma. Maisha hayo yaliwekwa kwenye stempu baada ya kuvunjwa.

Ninapowafundisha walimu somo hili, hutumia muda mrefu zaidi kwenye stempu za watu weusi. Kuanzia 1847 ilipita miaka 93 kabla Mmarekani mweusi hajawekwa kwenye stempu ya nchi yake. Wa kwanza alikuwa Booker T. Washington, aliyezaliwa mtumwa Virginia na kujenga chuo cha Tuskegee kule Alabama. Stempu yake ya senti 10 ilizinduliwa hapo hapo Tuskegee tarehe 7 Aprili 1940, baada ya kampeni ndefu iliyosukumwa na Richard R. Wright, mwenye benki Philadelphia, ambaye naye alizaliwa utumwani.

Oktoba mwaka huo huo ikatoka ya senti 3, kukumbuka marekebisho ya 13 ya katiba yaliyofuta utumwa mwaka 1865. Itazame kwa makini: Abraham Lincoln amesimama, na mtu mweusi amepiga goti miguuni pake. Ni picha ya sanamu ya Thomas Ball. Uhuru unaonekana kama zawadi iliyotoka kwa mmoja kwenda kwa mwingine, tena ni mwaka ambao majimbo ya kusini bado yaliwatenga watu weusi kisheria na kuwazuia wengi wao kupiga kura.

Sasa ilinganishe na stempu ya senti 5 ya tarehe 16 Agosti 1963, ya miaka 100 ya tangazo la Lincoln la kuwaachia huru watumwa. Hakuna Lincoln, hakuna aliyepiga goti. Ni mnyororo mweusi tu, umekatika. Aliyeibuni ni Georg Olden, mbunifu wa kwanza mweusi kupewa kazi ya stempu ya Marekani. Siku 12 baadaye watu wapatao robo milioni waliandamana Washington kudai haki zao.

Mwaka 1978 akawekwa mwanamke mweusi wa kwanza, Harriet Tubman. Alitoroka utumwani Maryland mwaka 1849, kisha akarudi tena na tena kuwatoa wengine. Stempu hiyo ya senti 13, iliyochorwa na Jerry Pinkney, ilifungua mfululizo wa urithi wa watu weusi unaoendelea mpaka leo. Mwaka 1997 Kiswahili chetu nacho kikaingia, kupitia stempu ya Kwanzaa, sikukuu ya Wamarekani weusi yenye jina lililotokana na Kiswahili.

Zipo pia stempu zilizokataliwa. Mwaka 1994 posta ya Marekani ilitangaza kwamba seti ya 1995, ya miaka 50 tangu vita kuu ya pili ilipomalizika, ingekuwa na picha ya wingu la bomu la atomiki na maneno yanayosema bomu liliharakisha mwisho wa vita. Japani ilipinga vikali, Ikulu ya Marekani ikaingilia kati, na mchoro ukaondolewa. Nafasi yake ilichukuliwa na Rais Harry Truman akitangaza kwamba Japani imesalimu amri.