Choo juu ya jiwe: tulivyojenga vyoo kwenye kambi za Goma

Mtu anayekuja Goma, mashariki mwa Kongo, kwa mara ya kwanza kufanya kazi yetu ya maji na usafi huja na sururu kichwani. Amezoea nchi zenye udongo: unachimba mita tatu, unaweka sakafu, unazungushia turubai, kazi imekwisha. Siku ya pili anapelekwa Kanyaruchinya, kambi iliyo kaskazini mwa mji. Anapiga sururu mara moja, cheche zinaruka, mkono unamfa ganzi hadi begani. Nami nilipita hapo hapo.

Mji huu umekaa juu ya mawe ya lava, yaani moto ulioganda, ya volkano ya Nyiragongo. Mlima ulimwaga moto mwaka 1977, ukarudia 2002, ukarudia tena Mei 2021, na kila mara jiwe jipya likatandikwa juu ya la zamani. Juu ya jiwe hilo ndiko walikokuja kusimama wakimbizi wa ndani. Mwishoni mwa 2022, waasi wa M23 waliposonga mbele Rutshuru, familia zilitelemka na barabara hadi Kanyaruchinya. Mapigano yalipofika Sake Februari 2024, wengine wakaja kutoka magharibi, wakajaza kambi za Bulengo, Lac Vert na Mugunga. Chakula kinaweza kufika na lori siku hiyo hiyo. Shitingi, yaani turubai la plastiki, ukiigawa asubuhi, jioni kibanda kimesimama. Choo hakiji na lori.

Kwa kuwa huwezi kwenda chini, unakwenda juu. Unapanga mawe ya lava kwa saruji hadi kifuani, au unasimamisha mapipa, juu yake unaweka sakafu yenye tundu, halafu ngazi. Mawe angalau hayanunuliwi. Vijana wenye chukudu, zile baiskeli za mbao za kubebea mizigo, huyaleta hadi mlangoni. Tatizo ni hesabu. Kipimo tunachofuata sote, cha Sphere, yaani viwango vya kimataifa vya misaada ya dharura, ni choo kimoja kwa watu 20, na mwanzoni kabisa mwa dharura watu 50. Chukua tenki la namna hiyo la lita 2,000 na watu 50. Kinyesi na uchafu mgumu tunaukadiria nusu lita kwa mtu kwa siku, yaani lita 25. Hapo unapata siku 80. Ongeza mkojo, lita moja kwa mtu kwa wastani, unafika lita 75 kwa siku, na tenki lako limejaa kabla mwezi haujaisha.

Kwa hiyo fundi atakushauri uache nyufa chini ili maji yajiondokee. Na kweli yanaondoka, upesi ajabu! Lava imejaa mianya. Mvua kubwa ikinyesha huku huoni kijito hata kimoja, jiwe linameza yote. Ila udongo huchuja, mwanya wa jiwe hauchuji. Kilichopita chini ya choo hakikawii, na mteremko wote unaelekea kwenye ziwa Kivu, ambako ndiko tunakovuta maji ya kunywa. Ukiziba tenki, linajaa. Usipoliziba, unamnywesha jirani wa chini. Mimi nilikuwa upande wa kuziba, na kwenye mikutano nilishindwa mara nyingi kuliko nilivyoshinda, maana tenki lililozibwa linadai kunyonywa kila mwezi na bajeti ya kunyonya huwa ya kwanza kukatwa. Wageni wanaokuja kutazama mradi hupiga picha bomba jipya. Sijamwona aliyeomba kupigwa picha na gari la kunyonya vyoo.

Gari lenyewe pia haliingii. Vibanda vimebanana kiasi kwamba mtu mwenye bidoni (madumu) mbili anapita ubavuubavu. Mnaingia na pampu ya mkono, mnajaza mapipa, mnayabeba hadi barabarani, na kabla ya kumwaga popote mnachanganya chokaa hadi pH, kipimo cha uchachu na magadi, ifike 12 ili vijidudu vife. Vijana wa kazi hiyo wanastahili mshahara mara mbili ya wangu.

Kwa upande wa maji, tegemeo la mwisho ni klorini, dawa ya kuua vijidudu. Kando ya ziwa utamkuta kijana ameketi na ndoo ya dawa na bomba la sindano lisilo na sindano. Kila bidoni ya lita 20 inayopita mbele yake anaitilia mililita chache za dawa hiyo. Kazi inaonekana nyepesi. Lakini maji ya Kivu yana magadi-magadi, pH yake iko karibu na 9, na kwenye maji ya namna hiyo klorini hulegea. Kwingine unangoja dakika 30, unapima, ukikuta klorini iliyobaki ni miligramu 0.2 hadi 0.5 kwa lita umepona. Hapa inabidi uongeze dozi na ungoje zaidi. Mama anayekaa mbali, njia yenyewe inamfanyia kazi ya kungoja. Mama anayekaa karibu na ziwa anafika baada ya dakika kumi, mtoto ana kiu, kikombe kinachovya. Wahudumu wetu tuliwafundisha wamuulize kila mtu, "Mama, kwako ni mbali?" Watu walidhani ni salamu.

Nani asiyejua kwa nini tunasumbuka hivyo? Julai 1994, wakimbizi waliotoka Rwanda walipoingia hapa, watu wapatao 50,000 walikufa katika mwezi wa kwanza, wengi kwa kipindupindu na kuhara damu, juu ya mawe haya haya. Viwango vya Sphere vilianza kuandikwa 1997, na msiba ule ni mmojawapo wa sababu.

Kuna jambo ambalo hesabu haikunionyesha. Choo cha kuinuliwa kina ngazi, na anayepanda ngazi anaonekana na kambi nzima. Mama mmoja mtu mzima aliniambia, "Injinia, umetujengea jukwaa." Wanawake walikuwa wanajizuia hadi giza liingie, na giza la kambini lina hatari zake. Tukageuza milango iangalie ukuta, tukaweka komeo la ndani, taa ya jua, na mkono wa kushika kwa wajawazito na wazee. Ilituchukua miezi minne kufika hapo, na yule mama alikuwa ameyasema yote kwa sentensi moja.

Mwisho wa Januari 2025 Goma ikaangukia mikononi mwa M23, na Februari kambi zikatakiwa kuhamwa kwa siku chache. Watu walifungua shitingi, wakang'oa mbao, wakabeba hata milango ya vyoo. Ningekuwa wao ningebeba pia. Matenki yalibaki wazi, yamejaa, na masika yalikuwa yanakuja.

Mwenye shamba mmoja, upande wa Bulengo, aliniuliza atayafanyaje yale aliyoachiwa. Nikamwambia ayamwagie chokaa, ayafunike vizuri maji ya mvua yasiingie, asiyaguse miaka miwili. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza kama baada ya hapo mbolea ile itafaa kwa maharagwe. Nikamjibu itafaa sana, mradi amwambie na jirani yake wa chini asichimbe karibu.