Je, wajua kwa nini gavana wa Ufilipino alizuiwa kurudi kwao?

Ukisoma habari za magavana wa Kihispania waliotawala visiwa vya Ufilipino, utashangaa. Wakiwa madarakani karibu hakuna wa kuwagusa. Wakishatoka, wengine wanaishia kifungoni. Yote mawili yalitokana na umbali.

Tangu Miguel López de Legazpi alipotia nanga Cebu mwaka 1565, visiwa hivyo viliendeshwa kupitia Mexico, koloni jingine la Hispania. Kwa kawaida merikebu ilitoka Acapulco mara moja kwa mwaka, ikatumia kama miezi mitatu kufika Manila. Kurudi ilikuwa minne hadi sita. Barua ya kwenda kwa mfalme na jibu lake zingeweza kumaliza miaka miwili na zaidi, na vita havingoji barua. Basi gavana akapewa karibu kila kitu: aliamuru jeshi, aliongoza mahakama kuu, aliteua wakuu wa mikoa, hata uteuzi wa mapadri wa parokia ulipitia kwake. Ikija amri ya mfalme isiyofaa visiwani, aliibusu, akaiweka kichwani kwa heshima, kisha akatamka: “Natii, lakini sitekelezi.” Huo haukuwa uasi. Ilikuwa njia halali ya kusimamisha amri mpaka mfalme aelezwe hali ilivyo.

Mzigo wa madaraka hayo uliwaangukia wenyeji. Wanaume wa miaka 16 hadi 60 walidaiwa siku 40 za kazi ya lazima kila mwaka, wengi wakikata magogo na kuunda merikebu.

Mfalme naye hakuwa mjinga. Muda wa gavana ulipokwisha, alifunguliwa shauri lililoitwa residencia, na kabla halijaisha haondoki. Mwenye malalamiko alijitokeza kudai haki yake. Tatizo ni kwamba mara nyingi hakimu alikuwa gavana mpya, na hapo visasi vilipata mlango. Sebastián Hurtado de Corcuera, aliyetawala kuanzia 1635 hadi 1644, alifungwa na mrithi wake kwa miaka kama mitano. Baadaye mfalme alimpa ugavana wa Visiwa vya Kanari, jambo linaloonyesha jinsi Madrid ilivyoziona tuhuma zile.

Wengine hawakufika hata kwenye shauri hilo. Mwaka 1668 gavana Diego de Salcedo alikamatwa usiku na mjumbe wa Baraza la Kuhukumu Wazushi, mahakama ya Kanisa Katoliki iliyowasaka waliopotoka imani, akafia baharini akipelekwa Mexico.

Kisa kinachonigusa zaidi ni cha Fernando Manuel de Bustamante. Alikuta hazina imeliwa, akawabana wadaiwa wakubwa, wakakimbilia makanisani, ambako hawakupaswa kukamatwa. Mvutano ukapanda hadi akamtia ndani askofu mkuu, Francisco de la Cuesta. Tarehe 11 Oktoba 1719 umati, watawa wakiwemo, uliingia kwenye jumba lake na kumuua pamoja na mwanawe. Askofu mkuu akatolewa kifungoni, na kiti cha ugavana akakikalia yeye.