Kabla ya kufunga poti, mjue anayesikiliza

Watu wengi wakiniletea seva huniambia, "Tufungie poti zote." Nami huwauliza: kuna programu gani inayosikiliza humo? Poti haifunguki yenyewe. Ni namba tu, kuanzia 0 hadi 65535, inayouwezesha mfumo kujua data iliyoingia ni ya programu ipi. Wavuti husubiri kwenye 80 na 443, SSH (ya kuiongoza seva ukiwa mbali) kwenye 22, hifadhidata ya MySQL kwenye 3306. Pasipo programu inayosikiliza, hapana cha kuvamiwa.

Kwa hiyo huanzia ndani ya mashine. Kwenye Linux naandika `sudo ss -tlnp`, inayoorodhesha programu zinazosikiliza na poti zake. Kwenye Windows `netstat -ano`, halafu namba ya mchakato naitafuta kwenye Task Manager. Jicho langu huenda kwanza kwenye anwani iliyotangulia namba ya poti. `127.0.0.1:3306` maana yake hifadhidata inazungumza na programu za mashine hiyohiyo basi. `0.0.0.0:3306` ni habari nyingine kabisa: inapokea maombi kutoka kila upande, na kama seva ina IP ya umma, yaani anwani inayofikika kutoka intaneti, dunia nzima inaweza kubisha hodi. Januari 2017 maelfu ya hifadhidata za MongoDB zilifutwa na wenyewe wakadaiwa fidia, kwa sababu zilikuwa wazi kwenye 27017 bila hata nenosiri. Hapakuhitajika udukuzi wa ajabu.

Dawa ya kwanza, basi, ni kuzima programu isiyo na kazi, au kuibana isikilize 127.0.0.1 pekee. Kwa MySQL ni mstari mmoja tu wa `bind-address` kwenye faili la mipangilio. Faiwoli, programu inayochuja maombi ya mtandao, inafuata baadaye, na usiiamini kwa macho. Docker, inayoendesha programu ndani ya vifurushi viitwavyo kontena, inawaponza wengi hapa: ukiwasha kontena kwa `-p 3306:3306`, Docker huandika kanuni zake yenyewe kwenye iptables (kichujio cha mtandao cha Linux), na UFW, faiwoli yako, itaendelea kukuonyesha kwamba poti imezuiwa ilhali iko wazi. Andika `-p 127.0.0.1:3306:3306`.

Ndiyo sababu lazima upime na kutoka nje. Washa data ya simu, unganisha laptopu, kisha andika `nmap -Pn -p-` (nmap ni programu ya kupima poti) na anwani ya seva yako. Yako, nasisitiza, au ya mtu aliyekupa ruhusa kwa maandishi. Kupekua mashine za watu kunaweza kukufikisha mahakamani. Jibu la `open` ni poti yenye msikilizaji, `closed` mashine imejibu kwamba hakuna mtu, `filtered` kuna kitu njiani kinachomeza maombi. Kumbuka amri hiyo hupima TCP pekee, moja ya njia mbili kuu za kusafirisha data. Ya pili, UDP, inahitaji `-sU`, nayo ni ya polepole sana.

Zinazobaki wazi kwa sababu ya kazi ndizo za kulindwa. SSH iingiwe kwa funguo za kidijitali, nenosiri lizimwe. Kuihamishia 2222 kunapunguza kelele za roboti (programu zinazojaribu kuingia zenyewe) kwenye kumbukumbu za matukio ya seva, lakini usalama hauongezeki kwa lolote la maana. Poti 3389 ya kuiongoza Windows ukiwa mbali na 445 ya kushirikisha mafaili zisionekane kabisa kwenye intaneti. Ziweke nyuma ya VPN, njia ya siri ya kuingia kwenye mtandao wako. WannaCry, programu hasidi ya kudai fidia ya Mei 2017, ilienea kupitia 445, ilhali Microsoft ilikuwa imetoa kiraka, yaani sasisho la kuziba tundu hilo, tangu Machi. Sasisha mashine, kisha endesha `nmap` tena, kwa maana sasisho nalo huweza kuwasha huduma uliyokuwa umeizima.