Mchoro wa mwanasesere ukishaonyeshwa kampuni, ni wa nani?

Kamukunji, jijini Nairobi, wapo mafundi wanaokunja waya na bati hadi likatokea gari kamili, usukani ukigeuka. Wengi wao huamini kwamba siku kampuni kubwa ya ng'ambo itakapoiona kazi yao, kilichobaki ni kusubiri malipo.

Dhana: Wazo ni la aliyeliwaza kwanza.
Hakimiliki, Kenya hata Marekani, hailindi wazo. Hulinda namna lilivyotiwa kwenye mchoro, maandishi au umbo. "Mwanasesere anayejifunga leso na kuongea Kiswahili" ni wazo tu. Jirani yako anaweza kuanza kumshona leo. Lakini ule uso uliouchora wewe ni wako tangu penseli ilipoinuka, hata kabla ya kusajili.

Dhana: Nikijitumia michoro kwa posta, nimelindwa.
Muhuri wa posta unaonyesha tarehe, basi. Umbo husajiliwa KIPI, taasisi ya Kenya ya mali ya viwandani, kule South C: usajili ni wa miaka 5, unaohuishwa mara mbili hadi 15. Kifaa kinachofanya kazi kwa njia mpya huombewa hataza, yaani haki ya uvumbuzi (patent), ambayo hudumu miaka 20. Usajili wa Kenya unaishia mpakani, kwa hiyo kitakachouzwa Ulaya hautakigusa. Tena usiuanike ubunifu wako mtandaoni kabla ya kuwasilisha ombi. Unaweza kupoteza sifa ya kuwa mpya.

Dhana: Wakinikaribisha mezani, wamekubali kunitunzia siri.
Hapa ndipo watu huumia zaidi. Kampuni nyingi kubwa hazipokei ubunifu wa mtu baki, hupitia mawakala. Zikikupokea, huenda ukapewa fomu inayosema hakuna siri kati yenu, na kwamba haki utakayodai ni ile ya hataza au hakimiliki peke yake. Si ujanja mtupu, kusema kweli: pengine mbunifu wao ana kitu kama chako kwenye droo, nao wanaogopa kesi. Ila fomu hiyo husomwa nyumbani, chai ikiwa mkononi. Ukitaka siri, mkataba wa usiri utiwe sahihi kabla hujafungua begi.

Dhana: Nilichokichora usiku hakimhusu mwajiri.
Muulize aliyebuni wanasesere wa Bratz. Carter Bryant alikuwa mwajiriwa wa Mattel, watengenezaji wa Barbie, alipopeleka michoro yake kwa kampuni nyingine, MGA, mwaka 2000. Mkataba wake wa kazi ulimpa Mattel vile alivyovibuni akiwa kazini, na ubishi ukawa: je, mawazo yamo? Usiku na wikendi je? Mwaka 2008 baraza la wazee wa mahakama liliipa Mattel ushindi. 2010 mahakama ya rufaa ikautengua. 2011 baraza jingine likaipa MGA. Miaka yote hiyo, kwa maneno machache ya mkataba.

Dhana: Kampuni kubwa haishindiki.
Lonnie Johnson, mvumbuzi wa bastola ya maji ya Super Soaker, aliidai kampuni ya Hasbro mrabaha, yaani fungu la mauzo, na mwaka 2013 wasuluhishi wakampa takriban dola milioni 73. Alikuwa na mkataba unaotaja mrabaha. Lizzie Magie hakuwa na bahati hiyo: alikuwa na hataza ya mchezo uliozaa Monopoly, ule wa ubaoni, tangu 1904, na nyingine ya 1924. Mwaka 1935 aliiuzia kampuni ya Parker Brothers hataza yake kwa dola 500, bila mrabaha.