Umajumui wa Afrika: umoja wa watu au umoja wa dola?

Umajumui wa Afrika ni itikadi na harakati ya kisiasa inayoshikilia kwamba Waafrika walio barani, pamoja na watu wenye asili ya Afrika waliotawanyika nje yake, wameunganishwa na historia moja ya utumwa, ukoloni na ubaguzi wa rangi, na kwamba hawawezi kujikomboa kila kundi peke yake. Neno lenyewe lina asili ya Kiarabu, na mzizi wake ndio uliotupa jamii, jumuiya na hata Ijumaa, siku ya watu kukusanyika. Swali ambalo neno hilo halilijibu ni nani hasa anayekusanywa: watu, au serikali zao?

Harakati hii haikuanzia Afrika, na jambo hilo lina sababu yake. Mtu aliyezaliwa Unyamwezi, au katika ufalme wa Asante ulio Ghana ya leo, karne ya 19 alikuwa na ukoo wake, mtawala wake na ardhi ya mababu, wala hakuwa na haja kubwa ya kujiita Mwafrika. Mjukuu wa watumwa kule Trinidad, kisiwa cha Karibi, au katika jimbo la Georgia, Marekani, alikwisha kupokonywa hayo yote, hata asijue babu zake walitoka kijiji gani, kwa hiyo alichoweza kukiita kwao kilikuwa bara zima. Ndiyo maana mkutano wa kwanza uliobeba jina hili uliitishwa London, Julai 1900, na wakili wa Trinidad, Henry Sylvester Williams.

Madai ya mwanzo yalikuwa ya upole. Kongamano la Paris la mwaka 1919, lililoongozwa na msomi Mmarekani Mweusi W. E. B. Du Bois, halikudai uhuru wa mara moja, bali lilitaka makoloni yaliyokuwa ya Wajerumani, ikiwamo nchi iliyokuja kuitwa Tanganyika, yawe chini ya uangalizi wa kimataifa. Sauti ilibadilika Manchester, Oktoba 1945, katika Kongamano la Tano, ambako Du Bois, akiwa na miaka 77, aliketi na vijana kama Kwame Nkrumah na Jomo Kenyatta, na safari hii waliodai uhuru walikuwa wenyeji wa makoloni yenyewe.

Uhuru ulipopatikana, umajumui ulirudi nyumbani na kukuta mipaka. Nkrumah, kiongozi wa Ghana, alitaka serikali moja ya bara, tena upesi, kabla viongozi hawajazoea viti vyao. Mwalimu Nyerere aliutaka umoja huohuo, lakini kwa hatua, kupitia miungano ya kikanda, na tayari mwaka 1960 alikuwa amesema yuko radhi kuuchelewesha uhuru wa Tanganyika ili Afrika Mashariki iingie katika shirikisho pamoja. Umoja wa Nchi Huru za Afrika, uliozaliwa Addis Ababa tarehe 25 Mei 1963 ukiwa na nchi 32, ulifuata njia ya tahadhari. Mwaka uliofuata, mjini Cairo, Nyerere mwenyewe alikuwa mstari wa mbele kupitisha azimio la kuheshimu mipaka iliyorithiwa kwa wakoloni. Hoja yake ilikuwa nzito, kwani kuifungua mipaka hiyo kungeweza kuleta vita kila upande. Lakini kwa maoni yangu hapo ndipo umajumui ulipoanza kuwa mali ya marais. Nyerere hakulificha jambo hilo. Akihutubia Accra mwaka 1997, alikiri kwamba wengi wa viongozi hao walikuwa wamekwisha kuona faida ya Afrika kubaki vipande vipande.

Mgongano huo ulionekana wazi Dar es Salaam, Juni 1974, kwenye Kongamano la Sita, la kwanza kufanyika katika ardhi ya Afrika. Makundi ya Karibi yaliyopingana na serikali za kwao yalizuiwa kuhudhuria, na C. L. R. James, mwanahistoria wa Trinidad aliyekuwa miongoni mwa waliolipigania kongamano hilo, akasusia. Wajukuu wa waanzilishi walijikuta wakihitaji kibali cha dola ili wazungumzie umoja wao.

Umoja wa Afrika, uliozinduliwa Durban mwaka 2002 kuchukua nafasi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika, ulijaribu kurekebisha hali kwa kuwaalika walio ughaibuni, ambao sasa huitwa kanda ya sita ya bara. Hata hivyo, tazama mikataba miwili ya mwaka 2018. Ule wa eneo huru la biashara ulihitaji kuridhiwa na nchi 22, na ulianza kutumika Mei 2019. Itifaki ya watu kusafiri na kuishi popote barani ilihitaji nchi 15 tu, na miaka mingi baadaye ni chache mno zilizoiridhia.