Waombaji wa asili ya Asia katika vyuo vikuu vya Marekani: dhana potofu na ukweli

Tangu Mahakama ya Juu ya Marekani ilipotoa hukumu dhidi ya Chuo Kikuu cha Harvard tarehe 29 Juni 2023, na kukizuia kutazama rangi ya mwombaji katika udahili, maneno yamekuwa mengi, na mengi kati yake hayasimami. Yanayoniuma zaidi ni yale yanayowagombanisha vijana Weusi na vijana wa asili ya Asia.

Dhana: Waombaji wa asili ya Asia wanakataliwa kwa sababu wana maksi tu, hawana haiba.

Ukweli: Harvard humpa mwombaji alama za masomo, za shughuli za nje ya darasa, za michezo, na alama ya haiba, yaani ujasiri, utu, moyo wa kusaidia na namna anavyoishi na wenzake. Waombaji wa asili ya Asia waliongoza kwenye masomo, na kwenye shughuli za nje ya darasa hawakuwa nyuma. Walianguka kwenye haiba. Waliowapa alama hizo ni maofisa udahili, ambao kwa kawaida husoma faili tu bila kukutana na kijana mwenyewe. Wahitimu wa zamani waliowafanyia usaili ana kwa ana waliwapa alama zinazokaribiana na za Wazungu. Basi aliyeketi na kijana hakuiona kasoro hiyo. Aliyesoma karatasi zake ndiye aliyeiona.

Wala hili halikuanza juzi. Wizara ya Elimu ya Marekani ilipoichunguza Harvard kuanzia 1988 hadi 1990, ilikuta kwenye mafaili maelezo yanayojirudia: mpole, ana haya, mtu wa hesabu na sayansi, mchapakazi. Mwombaji mmoja aliandikiwa kwamba ni mtulivu na, bila shaka, anataka kuwa daktari. Ndoto ambayo mzazi yeyote wa Nairobi au Dar angeifurahia ikawa ushahidi kwamba kijana huyu hana jipya.

Hata chimbuko la kupima haiba halipendezi. Mwaka 1922 rais wa Harvard, A. Lawrence Lowell, alitaka kuweka kikomo kwa Wayahudi, waliokuwa wamefikia takriban moja ya tano ya wanafunzi wapya. Kikomo cha wazi kilipingwa. Miaka michache baadaye chuo kikaanza kuipa uzito tabia ya mwombaji, na idadi ya Wayahudi ikashuka.

Dhana: Mahakama ilithibitisha kwamba Harvard iliwabagua Waasia kwa makusudi.

Ukweli: Jaji Allison Burroughs wa Boston, aliyesikiliza ushahidi wa kesi hiyo katika mahakama ya chini mwaka 2018, aliamua mwaka uliofuata kwamba hakukuwa na nia ya kubagua. Lakini hakulifunika pengo la alama za haiba. Alisema huenda sehemu yake inatokana na barua za mapendekezo za walimu na washauri wa shule, na kwamba mafunzo kuhusu upendeleo usiotambulika yangewafaa maofisa. Mahakama ya Juu nayo ilijikita kwenye uhalali wa kutazama rangi ya mwombaji. Kwangu, maelezo ya Burroughs yanatisha kuliko njama, kwa kuwa mwalimu anayempenda mwanafunzi wake anaweza kumwandikia "mtulivu na mchapakazi" kwa nia njema kabisa. Harvard yenyewe ilitoa mwongozo mpya mwaka 2018 ukiwakumbusha maofisa kwamba hata mtu wa kutafakari, asiye mzungumzaji, anastahili alama nzuri ya haiba.

Dhana: Waasia ni kundi moja, tena wote wanajiweza.

Ukweli: Sheria ya uhamiaji ya 1965 iliwafungulia mlango wataalamu wengi waliosoma. Wahmong (kabila la milimani huko Laos na nchi jirani), Wakambodia na Walao walifika baadaye kama wakimbizi wa vita. Kituo cha utafiti cha Pew kilionyesha mwaka 2018 kwamba Waasia ndio wenye pengo kubwa zaidi la kipato kati ya makundi makuu ya Marekani. Mtoto wa Mhmong anayesoma shule duni anabebeshwa sura ya mtoto wa injinia.

Dhana: Baada ya hukumu, Waasia wamejaa kila chuo.

Ukweli: Mwaka 2024 walipanda katika chuo cha teknolojia cha MIT kutoka 40% hadi 47% ya wanafunzi wapya. Katika Chuo Kikuu cha Yale walishuka kutoka 30% hadi 24%.

Dhana: Nafasi zao zilichukuliwa na Weusi.

Ukweli: Kutazama rangi kuliwaongezea Weusi na Walatino nafasi, na nafasi zina hesabu, hilo lisifichwe. Ila pengo la haiba nililolieleza hapo juu lilikuwa kati ya Waasia na Wazungu. Pia kesi ilifichua kwamba, katika majimbo yenye watu wachache, Harvard ilimwandikia kijana Mzungu barua ya kumkaribisha kuomba akiwa na pointi 1310 kwenye PSAT, mtihani wa maandalizi wanaoufanya wanafunzi wa sekondari kabla ya ule wa kuomba chuo, lakini mvulana wa asili ya Asia alihitaji 1380. Na uchambuzi wa takwimu za kesi hiyo ulionyesha kwamba zaidi ya 43% ya Wazungu waliodahiliwa walikuwa wanamichezo walioandaliwa nafasi, watoto wa wahitimu, watoto wa wafanyakazi wa chuo, au waliowekwa kwenye orodha maalumu ya mkuu wa udahili. Kwa Waasia sehemu hiyo haikufika 16%. Hukumu ya 2023 haikuzigusa njia hizo.