Darasa likiitikia kwa pamoja, nani amenyamaza?

Juzi nilikaa nyuma ya darasa la kwanza huku Ilemela, Mwanza. Mwalimu akauliza, "Samaki anaishi kwenye ma…?" Watoto wakadaka, "…ji!" "Kwenye ma…?" "…ji!" Ungepita dirishani ungesema somo limekolea. Pembeni yangu palikuwa na binti anayefungua mdomo sambamba na wenzake, sauti haitoki. Nilihesabu maneno yake kipindi kizima: sifuri.

Sina ugomvi na kuitikia. Tangu elimu bila malipo ianze mwaka 2016, madarasa yamefurika, na kiitikio huamsha watoto na kumpumzisha mwalimu koo. Ila mtoto anayemalizia silabi hajaunda sentensi. Hajatafuta neno, hajalipanga na jingine, hajakosea akasikia linavyotamkwa.

Dawa ya kwanza haigharimu hata chaki: uliza, kisha nyamaza. Mtafiti wa Marekani, Mary Budd Rowe, miaka ya 1970 alikuta walimu husubiri jibu kwa takribani sekunde 1 tu. Walipojizuia hadi sekunde 3 au zaidi, majibu yalirefuka, na wanafunzi waliokuwa kimya wakaanza kuchangia. Kwa watoto wetu sekunde hizo zina kazi ya ziada: swali limeingia kwa Kiswahili, wazo liko kwa Kisukuma au Kijita, jibu litoke tena kwa Kiswahili. Njiani pana foleni. Mimi, ili nisimrukie mtoto mwingine, hugeuka nikafuta kona ya ubao isiyo na maandishi yoyote.

Nilipokuwa nafundisha darasa la awali, karibu na mwalo mmoja wa wavuvi, tulikuwa na mtoto tuliyemwandika kwenye daftari "hazungumzi". Asubuhi moja nikamuuliza, baba yupo? "Yupo." Mbona hajaenda ziwani? Nikafuta ubao. Nikaufuta tena. "Mwezi mkubwa. Dagaa hawaji taa."

Waliokulia mwaloni wameshaelewa. Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza. Mbalamwezi ikiwaka, taa haiwavuti vizuri na mitumbwi hupumzika. Mtoto wa miaka mitano alinipa sababu na matokeo kwa maneno matano, nami wiki nzima nilikuwa namkaririsha a-e-i-o-u! Nikamjibu, "Kumbe! Mwezi ukiwa mkubwa, dagaa hawaji kwenye taa, ndiyo maana baba amebaki nyumbani." Sentensi ni yake, mimi niliongeza viungo tu. Huo ndio usahihishaji ninaouamini.

Hata r na l huenda hivyo hivyo. Kisukuma hakizitenganishi kama Kiswahili, kwa hiyo mtoto akisema "naenda kura" hajafanya uzembe. Jibu, "Haya, nenda ukale, ukishakula urudi." Ameisikia l mara mbili bila kuchekwa. Ukimsimamisha atamke "la, la, la" mbele ya wenzake, umemfunga mdomo hadi mwezi wa sita.

Na lugha ya nyumbani isifukuzwe mlangoni. Lugha ya kufundishia shule za msingi za serikali ni Kiswahili, sibishani na sera. Lakini mtoto anayeshika kikombe na kusema "minzi" anajua anachotaka. Amebakiza jina la pili. "Minzi, eeh, maji. Unataka maji?" Tena tusidanganywe na Kiswahili cha uwanjani. Mtafiti wa lugha, Jim Cummins, alionyesha kwamba mtoto huweza kupiga soga kwa lugha mpya ndani ya miaka 2 hivi, ila lugha ya masomo humchukua miaka 5 hadi 7. Anayegombania mpira kwa Kiswahili safi bado anaweza kukwama kwenye "linganisha".

Kila semina huulizwa: watoto 100, nimsikilize nani? Wote huwawezi. Sema, "Mgeukie mwenzako wa dawati, mwambie jana mlikula nini na nani alipika." Dakika 2 zinatosha. Kelele zitakuwepo, mwalimu wa jirani akichungulia, mpungie mkono. Wewe inama kwenye madawati 3, kesho 3 mengine, na uandike majina, la sivyo utajikuta unawainamia wale wale wachangamfu wa mbele.

Kabla hujamwita mtoto mzito, angalia masikio. Usaha sikioni huonekana sana utotoni na hupunguza usikivu. Mwite jina akiwa amekupa mgongo. Asipogeuka mara kadhaa, mkalishe mbele, kisha zungumza na mzazi ampeleke zahanati.

Yule binti wa Ilemela nilimfuata baada ya kipindi, akiwa anachora. Nikachuchumaa, nikauliza anachora nini, nikakaa kimya. Zilipita zaidi ya sekunde 3, nadhani hata 10.

"Mbuzi," akasema. Kisha, bila mimi kuuliza: "Ila amekasirika."